Nenda Ukalione Bwawa Linalokunywesha

Maji yanayotoka kwenye mfereji wako jijini Nairobi yamesafiri mbali kabla ya kukufikia. Sehemu kubwa imetoka Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, chini ya safu ya Aberdare, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Bwawa la huko, ambalo wahandisi huliita Bwawa la Thika, lilikamilika mwaka wa 1994 kwa ajili ya jiji, na linaendeshwa na kampuni ya maji ya jiji. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Kwa miaka mingi limetegemewa kwa zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nairobi, na bado wakazi wengi wa jiji hawajalitia machoni. Hulisikia redioni tu, siku kina kinaposhuka na mgao wa maji unapokazwa.

Ushauri wangu ni mmoja: nenda ukalione, na uende kama mwenye mali. Bwawa la jiji ni la watu wa jiji. Mwenye mali hutazama kwa makini, huuliza, hurudi tena, na hukasirika kwa haki akiona kilicho chake kinaharibiwa. Mapumziko utayapata, ndege utawaona, na watoto watakimbia kwenye hewa safi. Zaidi ya hayo, utarudi mjini ukijua habari za maji unayokunywa, na anayejua hadanganyiki upesi.

Kabla ya yote, shika mpangilio huu: maji kwanza, viumbe pili, wageni mwisho. Bwawa lilijengwa ili watu wanywe. Ndege na wanyama walilifuata wakaweka makao. Sisi tunaotembea tumekaribishwa mahali penye shughuli zake. Ukiushika mpangilio huo huhitaji kukariri orodha ndefu ya makatazo, maana karibu kila sharti utakalolikuta langoni limetokana nao.

Omba ruhusa mapema

Eneo hili linalindwa, kwa kuwa anayechafua hapa huwachafulia mamilioni. Usifike langoni na basi zima la watu ukitarajia kufunguliwa. Familia ipige simu kwa ofisi za kampuni ya maji siku chache kabla ya safari na kuuliza mambo manne: tunaruhusiwa kutembelea upande gani, saa ngapi hadi saa ngapi, kuna ada kiasi gani, na nani atatupokea? Shule, kanisa, msikiti au chama kiandike barua inayotaja tarehe, idadi ya watu, jina la kiongozi na shughuli iliyokusudiwa. Barua iliyonyooka hufungua mlango kuliko maelezo marefu ya langoni.

Beba kitambulisho. Ukitaka kupiga picha za mitambo, muulize mlinzi kwanza. Droni iache nyumbani ikiwa huna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Nchini Kenya kibali hicho ni lazima, na mlio wa droni huwatimua ndege waliokuwa wametulia.

Njia si ngumu. Unafuata Barabara Kuu ya Thika hadi Thika mjini, kisha unapanda milima ya Gatanga. Utajua umeanza kupanda kweli pale mashamba ya kahawa yanapokwisha na majani chai kuanza. Asiye na gari apande matatu hadi Thika, abadilishe hapo, na amalizie kwa bodaboda. Apatane na mwenye bodaboda kuhusu safari ya kurudi kabla hajaondoka, kwa sababu jioni vyombo vya usafiri hupungua.

Chagua msimu kwa makini

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa wanaokwenda mara ya kwanza. Anga huwa wazi, njia zimekauka, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wako nchini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta utelezi mbaya kwenye miteremko ya udongo mwekundu. Julai na Agosti baridi hukaza na ukungu unaweza kufunika maji hadi karibu adhuhuri. Msimu wowote utakaochagua, beba sweta na koti la mvua. Huko ni juu. Jua la asubuhi lisikudanganye.

Ukienda kiangazi utaona jambo ambalo picha za bwawa lililojaa haziwezi kukuonyesha. Kati ya maji na majani ya ukingoni huwa pana mkanda wa udongo mtupu. Usogelee uutazame vizuri. Una mistari mingi iliyolala sambamba, mmoja chini ya mwingine, na kila mstari ni mahali ambapo maji yalisimama siku kadhaa kabla ya kushuka tena. Juu kabisa ni alama ya bwawa likiwa limejaa. Waambie watoto wakadirie umbali kutoka alama hiyo hadi maji yalipo, kisha waeleze kwamba nafasi hiyo yote ilikuwa maji na yamekwisha kunywewa, kupikiwa na kufuliwa. Mwaka wa 2017, mvua zilipokosekana, mkanda huo ulipanuka mno na Nairobi ikaingia kwenye mgao mkali. Bei ya mtungi wa lita 20 mitaani hupanda au kushuka kufuatana na mkanda huo.

Piga picha ya mahali pamoja penye alama isiyohama, kama vile mwamba au mti mkubwa. Ukirudi msimu mwingine, simama palepale upige tena. Picha mbili za namna hiyo zitakufunza mengi kuliko taarifa kumi za habari.

Ndege hutazamwa kwa subira

Fika mapema. Saa moja hadi saa nne asubuhi ndege huwa wamo shughulini, na upepo bado haujaanza kuyachafua maji. Vaa nguo za rangi ya kijani au kahawia, kaa chini jua likiwa mgongoni mwako, na acha dakika chache zipite kabla ya kuinua darubini. Ndege waliokuona ukija watakusahau ukitulia.

Kwenye mabwawa ya nyanda za juu za Kenya, anza kwa kuwatafuta wale wasio na shida kutambulika: kulastara anayesimama kimya penye maji mafupi, bata bukini wanaotembea wawiliwawili ukingoni, mdiria anayerukaruka juu ya maji akivizia samaki, na kwarara ambaye sauti yake kila mkazi wa Nairobi ameisikia hata kama hamjui kwa jina. Penye tope lililoachwa na maji yaliyoshuka, tafuta ndege wadogo wa miguu mirefu wanaochokoachokoa wadudu. Wengi wao ni hao wahamiaji.

Wawili ningependa uwatazame kwa muda mrefu. Wa kwanza ni mnandi. Hupiga mbizi kufuata samaki, akatokea mbali na alipozamia, kisha hutua juu ya jiwe au kigogo na kutandaza mbawa zote mbili kama nguo kwenye kamba. Manyoya yake hulowa upesi kuliko ya bata. Kulowa huko humsaidia kuzama, kwa kuwa manyoya makavu yenye hewa yangemwelesha. Gharama yake ni kwamba lazima ajianike. Ukimsogelea hadi akaruka akiwa bado amelowa, umemvurugia kazi ya siku. Ukiona anageuza shingo na kuanza kufunga mbawa, umeshakaribia kupita kiasi; rudi nyuma hatua kadhaa.

Wa pili ni kibisi, mdogo kuliko bata, ambaye huzama ghafla ukabaki ukijiuliza kama ulimwona kweli. Hujenga kiota cha majani yanayoelea, kilichofungwa kwenye mimea ya ukingoni. Wimbi dogo linaweza kukilowesha au kukitikisa. Ndiyo sababu nawaomba wazazi wawazuie watoto kurusha mawe majini. Mchezo huo unaonekana hauna madhara, lakini kwa kibisi anayelalia mayai ni msiba.

Ikiwa hujui ndege na ungependa kujifunza, shirika la Nature Kenya limekuwa na desturi ya matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Nenda huko mara chache kabla ya safari ya bwawa. Ukishazoea, orodha zako zinaweza kuingizwa kwenye Kenya Bird Map, ramani inayojengwa na watazamaji wa kawaida nchi nzima.

Ukiwa upande wa msitu, inua macho juu ya miti: misitu ya Aberdare ni makazi ya mbega. Lakini usiingie msituni peke yako. Aberdare ina ndovu na nyati, na ndiyo maana uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 ulijengwa kuizunguka safu hiyo na kukamilika mwaka wa 2009.

Usiogelee, na usipande ukuta ovyo

Maji ya bwawa la kunywa hayaogelewi. Sababu ya kwanza ni usafi. Ya pili ni uhai wako. Bwawa hili ni mabonde ya mito Thika, Githika na Kayuyu yaliyofunikwa na maji. Ukingo unaoonekana mpole huweza kushuka ghafla kama ulivyokuwa mteremko wa bonde. Maji ya huko ni baridi, na baridi hukaza misuli hata ya mwogeleaji hodari. Tope la ukingoni hunasa miguu. Karibu na mitambo ya kuchukulia maji kuna mvuto usioonekana juu ya maji. Watoto wadogo washikwe mkono kila wanapokuwa karibu na ukingo, na kikundi cha shule kiwe na mtu mzima mmoja kwa watoto wachache, si walimu wawili kwa darasa zima. Uvuvi usifanyike bila kibali cha wenye mamlaka.

Ukuta wa Ndakaini ni wa udongo ulioshindiliwa, na kimo chake kinapita mita 60. Kuta za aina hii zina adabu zake. Upande wa maji hupangwa mawe ili mawimbi yasile udongo. Usiyang'oe wala kuyarusha. Upande wa pili huachwa na nyasi fupi, bila miti, kwa sababu mizizi ikioza huacha mianya ambayo maji yanaweza kuifuata. Nyasi hufyekwa ili wakaguzi waone uso wa ukuta. Basi nawe, ukipita chini ya ukuta wowote wa udongo, hata wa bwawa dogo la kijijini, tazama. Ukiona mahali pamelowa ilhali mvua haijanyesha, au maji yanayochuruzika yakiwa na rangi ya tope, mwambie mlinzi au msimamizi siku hiyohiyo. Hata ikiwa si kitu, umetimiza wajibu wako.

Kuhusu chakula, beba kwenye vyombo vya kurudi navyo nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini vifuniko vya chupa, karatasi za peremende na nepi za watoto bado huachwa ukingoni. Weka gunia moja la taka kwa kila kikundi, mteue mtu wa kulibeba, na mwondoke nalo. Ulizeni choo kilipo mara tu mnapofika. Usimwambie mtoto ajisaidie kichakani kwenye mteremko unaoelekea majini. Muziki wa sauti kubwa na mbwa wasiofungwa havina nafasi hapa.

Kwa wanaokimbia

Mwaka wa 2004, chama cha wahifadhi cha NDEKA kilianza kuandaa mbio za nusu marathoni za Ndakaini ili kukusanya fedha za kutunza mazingira ya bwawa. Njia ni ya vilima, kupanda na kushuka, na imewachosha hata wakimbiaji wanaosifika. Ukijiandikisha, fanyia mazoezi vilima kwa wiki kadhaa; kukimbia kwenye barabara tambarare za mjini hakutakuandaa. Anayetoka pwani au Kisumu afike siku chache mapema ili mapafu yazoee hewa nyepesi. Anza polepole kuliko unavyotamani, hasa kwenye mteremko wa kwanza, maana magoti unayoyachosha huko utayahitaji mbele. Usipoweza kilomita 21, tembea sehemu yake. Mwendo wa kawaida utakuonyesha mengi ambayo mkimbiaji huyapita.

Waheshimu waliokaa kabla ya maji

Kabla ya bwawa, mabonde haya yalikuwa mashamba ya watu. Familia zilihamishwa ili Nairobi ipate kunywa, na kwa miaka mingi wenyeji wamelalamika kwamba wanaishi kando ya maji ambayo hayafiki majumbani mwao. Malalamiko yaliongezeka lilipochimbwa handaki la kilomita 11.8 la kuleta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Mgeni kutoka jijini ajue hayo kabla ya kushuka garini. Msalimu guka au cucu, yaani babu au bibi, utakayekutana naye njiani, mpe nafasi aeleze bonde lilivyokuwa, na usimkatize kwa kumsifia mandhari.

Heshima ionekane pia mfukoni. Usije na chakula chote kutoka duka kubwa la Nairobi. Nunua nduma, viazi vitamu, ndizi na maparachichi hapohapo. Murang'a ni kaunti ya maparachichi. Umwajiri kijana wa hapo akuongoze, na mmalize habari ya malipo kabla ya kuanza safari. Mwenyeji anayepata riziki kutokana na bwawa safi atakuwa mlinzi wake siku zote ambazo wewe hupo.

Bwawa huharibikia juu

Usidhani kuwa adui mkubwa wa bwawa ni mgeni aliyesahau chupa. Bwawa huharibiwa na yale yanayoteremka na mito. Mfano uko Nairobi kwenyewe. Bwawa la Nairobi, kati ya Lang'ata na Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 kwenye mto Motoine liwe akiba ya maji ya jiji. Wakati mmoja watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga juu yake na kuvua samaki. Mitaa ikakua kando ya mto bila jiji kuijengea mabomba ya maji taka wala kuiwekea mpango wa kuzoa taka. Uchafu na tope vikateremka, gugumaji likalishwa likanona, na mahali palipokuwa na mashua pakafunikwa. Kuwalaumu wakazi wa Kibera ni dhuluma. Walionyimwa huduma si wao walioua bwawa.

Huko Ndakaini hatari ni udongo. Shamba la mteremkoni lisilo na matuta humwaga udongo mtoni kila mvua inaponyesha, na udongo ukitua bwawani unachukua nafasi ya maji. Tangu mwaka wa 2015, Mfuko wa Maji wa Upper Tana–Nairobi umekuwa ukiwasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi za kukinga mmomonyoko na kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua. Ukiwa njiani, simama penye shamba lenye ukanda wa nyasi ya nepia, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Juu ya ukanda maji ni mekundu mazito. Yakishapita katikati ya mashina, kasi imepungua na udongo mwingi umebaki nyuma. Mkulima huyo anakuhifadhia maji, na anapata majani ya ng'ombe wake kwa kazi hiyohiyo.

Kikundi kikitaka kupanda miti, kisichague chenyewe. Mikaratusi hunywa maji mengi na haifai kandokando ya mto. Waulize maafisa wa misitu na wenyeji ni miti gani ya asili inayofaa mahali hapo, na mweke fedha za kuitunza kwa miaka miwili au mitatu. Miche kumi iliyotunzwa ina faida kuliko mia iliyopandwa kwa ajili ya picha.

Weka daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo, na kila uendapo andika tarehe, maji yalipofika, rangi yake mito inapoingilia, ndege uliowatambua, na taka ulizoziona. Mwalimu anaweza kuwagawia wanafunzi kazi hiyo, kila darasa likarithi daftari la darasa lililotangulia.

Kisha litumie. Katiba ya 2010 imetupa haki ya kushirikishwa katika mipango na bajeti za kaunti. Vikao hivyo vikitangazwa, hudhuria au mtumie mwakilishi wadi wako maswali yaliyoandikwa: Ni fedha ngapi zimetengewa kuzuia udongo usiingie mabwawani? Ada za wageni na za mbio zinatumika wapi? Wanaoishi kando ya Ndakaini watapata lini maji ya mfereji? Bwawa la Nairobi lina mpango gani, na mabomba ya maji taka ya mitaa iliyo juu yake yatajengwa mwaka gani? Swali la mtu aliyekwenda akaona, mwenye tarehe na picha mkononi, halipuuzwi kirahisi kama malalamiko ya jumla. Likipuuzwa, liulizeni tena mkiwa wengi. Mashua ziliondoka kwenye Bwawa la Nairobi kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, na Ndakaini haina kinga ya kipekee dhidi ya hali hiyo isipokuwa watu wa kuifuatilia. Panga safari yako, na iwe ya kwanza kati ya nyingi.